Seva ilikufa Jumanne, barua zikarudi Alhamisi

Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, na seva yetu ya barua pepe haikuamka. Mazabodi, ile bodi kuu ya mashine, imeungua, diski za kanzidata hazisomeki. Seva ya aina ile haipatikani tena madukani. Tuliyoipata Kariakoo ilikuwa ya mtumba, ya chapa nyingine kabisa.

Mkononi nilikuwa na bakapu ya Ijumaa usiku na diski ya logi, ambayo niliitenga peke yake zamani huku wenzangu wakisema najitafutia kazi. Exchange, programu ya Microsoft inayoendesha barua pepe zetu, huandika kila badiliko kwenye logi kwanza, faili za megabaiti 1 moja moja. Kwa hiyo barua zote za kuanzia Jumamosi zilikuwa humo.

Mashine mpya niliipa jina lile lile, Windows ile ile, herufi za diski zile zile. Akaunti yake kwenye Active Directory, daftari la mtandao linalotunza akaunti za watumiaji na mashine, niliiriseti, sikuifuta. Amri ya setup /m:RecoverServer ikavuta mipangilio ya zamani kutoka huko. Hapo sikutoka jasho.

Jasho lilinitoka kwenye kanzidata niliyoirudisha kutoka kwenye bakapu. Eseutil, zana ya Exchange ya kukagua na kutengeneza kanzidata, nilipoipiga na /mh ikaniambia "Dirty Shutdown", yaani kanzidata haikufungwa vizuri na bado inadai logi, jambo la kawaida kwa bakapu ya namna ile. Nikapiga eseutil /r E00 ili logi zisomwe upya, ikagoma. Faili E00000014B7.log halipo. Kabla yake zipo, baada yake zipo, lenyewe hakuna.

"Kaka, piga /p tukalale," mwenzangu akasema. Nikakataa. Hiyo /p, amri ya eseutil ya kukarabati kwa nguvu, hutupa kurasa za kanzidata isizoweza kuzisoma, na ukishaipiga, logi zilizobaki haziingii tena. Barua za zabuni za mama mkurugenzi zilikuwa za Jumatatu jioni.

Saa nane usiku nikakumbuka antivirusi. Nikafungua karantini kwenye kompyuta inayosimamia antivirusi za ofisi nzima: faili langu limekaa humo tangu Jumatatu asubuhi, limefungiwa kwa kosa la kubeba barua yenye kirusi. Nilikuwa nimesahau kuiambia antivirusi isiguse folda ya logi. Uzembe wangu, sina wa kumsingizia.

Nikalirudisha, /r ikapita hadi mwisho, nikawasha kanzidata.

Alhamisi asubuhi mama mkurugenzi akapiga simu. "Mwanangu, zabuni nimeiona, Mungu akubariki. Ila hii ankara ya watu nisiowajua, niifungue?"

Nilipanda ngazi mbio.