Nimerudi Hebden Bridge

Treni ya kutoka Manchester ikishachomoza kwenye handaki refu la Summit, milima inasogeleana hadi unashangaa reli, barabara, mfereji na mto vimepitaje pamoja. Hilo ndilo bonde la Calder, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, na huku ndiko nilikokulia. Mama alitoka Tanga kuja kufanya kazi ya unesi, akapanga Hebden Bridge kwa sababu siku hizo kodi ilikuwa nafuu. Mimi nikaenda Dar es Salaam kutafuta maisha, nikakaa miaka mingi. Sasa nimerudi, na kwa kuwa jamaa zangu wa Dar hawaachi kuniuliza kwetu huku kukoje, ngoja nieleze.

Ni mji mdogo, watu kama 4,500. Daraja la mawe katikati ya mji lilijengwa yapata mwaka 1510, farasi waliobeba mizigo ya nguo wapate kuvuka mto wakielekea Heptonstall, kijiji kilicho juu ya mlima. Zamani watu waliishi huko juu, wakifuma majumbani mwao. Vilipokuja viwanda vya kuendeshwa kwa nguvu ya maji, kisha vya mvuke, kazi ilihamia bondeni. Mfereji wa Rochdale ukakamilika 1804, reli ikafika miaka ya 1840, watu nao wakashuka.

Tatizo likawa mahali pa kujenga. Bonde halina tambarare, kwa hiyo walipandanisha nyumba. Ya chini mlango wake uko barabara ya chini na mgongo wake umezama mlimani. Juu yake kuna nyumba nyingine kabisa, ya familia nyingine, ambayo mlango wake unatokea barabara ya juu, upande wa pili. Mama anakaa ya juu. Na jirani wa chini hatujawahi kutumia ngazi moja, lakini yeye akikaanga vitunguu sisi tunajua, na Mama akifungulia taarabu yeye anajua.

Kilichoujenga mji huu ni fustiani, kitambaa kizito cha pamba cha kushonea suruali za kazi. Kodrai ni wa ukoo huo. Mkataji alikitandaza kitambaa kwenye meza ndefu, akapenyeza kisu chembamba chini ya vitanzi vya uzi na kuvikata mstari baada ya mstari, akitembea toka ncha hii hadi ile, kutwa nzima. Mkono ukiyumba kidogo tu, kitambaa kimetoboka. Mwaka 1870 wakataji wa namna hiyo, Joseph Greenwood akiwa mbele, walianzisha ushirika wao, baadaye wakanunua kiwanda cha Nutclough. Watu wa kisu na sindano wakawa wanahisa wa kiwanda! Walikiendesha hadi 1918, kilipouzwa kwa shirika kubwa la vyama vya ushirika la Uingereza. Jengo bado limesimama, na siku hizi mle ndani hutengenezwa mitambo ya kuchanganyia sauti za matangazo ya televisheni. Kwingineko mjini mambo hayakuwa mazuri hivyo. Wafumaji waligoma kuanzia 1906 hadi 1908, na Emmeline Pankhurst mwenyewe, yule mpigania haki ya wanawake kupiga kura, alifika 1907 kuwatia moyo.

Nasisitiza habari za ushirika kwa sababu naamini moyo huo wa kumiliki mambo pamoja ndio uliouokoa mji huu hata baada ya viwanda kufungwa. Jumba la sinema la mwaka 1921 leo liko mikononi mwa halmashauri ndogo ya mji. Ukumbi wa mji ulikabidhiwa chama cha wakazi mwaka 2010.

Halafu kuna mafuriko. Mito miwili inakutana katikati ya mji, na mvua ikipiga huko juu, maji yanateremka kwa kasi ya kutisha. Mwaka 2012 yaliingia mara mbili, Juni na Julai. Tarehe 26 Desemba 2015 nilikuwa Dar, Mama akanipigia simu nikasikia ving'ora nyuma ya sauti yake. "Sisi tuko juu, mwanangu, usiwe na wasiwasi. Lakini maduka yote yamekwisha." Watu walikuja na majembe na ndoo bila kuitwa. Masingasinga wa shirika la misaada la Khalsa Aid wakaleta chakula cha moto. Tangu 2016, wenyeji wa kikundi cha Slow the Flow wanakwenda msitu wa Hardcastle Crags na kulaza magogo kwenye vijito, ili maji yacheleweshwe kabla ya kufika mjini. Wameshajenga mamia ya vizuizi hivyo. Nimekwenda kuviona. Ni magogo matupu yaliyobananishwa, maji yanapita chini yake yakiwa machache, na yakijaa yanazuiliwa.

Linaloniuma ni bei za nyumba. Mji umependwa, wenye fedha wamekuja, na wale niliosoma nao, wajukuu wa wafumaji, wengi wamehamia mbali kwa kushindwa kodi. Nesi anayefika leo kama alivyofika Mama hawezi kupanga mtaa wetu. Lakini bondeni humu lipo shirika la ardhi la wananchi, Calder Valley Community Land Trust, na limeshajenga nyumba za wazee kule Walsden. Nataka lijenge na za vijana, hapa hapa Hebden Bridge. Wiki hii nachukua fomu ya uanachama, na ya Mama pia.