Nilivyoifukua sauti halisi ya Fred

Asinishauri mtu tena "weka spidi ya YouTube 0.5 tu, utamsikia". Niliweka. Sikumsikia.

Kwa ambao hawakuwahi kumkuta: Fred ni mhusika wa vichekesho vya YouTube, na nyuma yake ni Lucas Cruikshank, kijana wa Columbus, Nebraska, Marekani, aliyezaliwa 1993. Alijifanya mtoto wa miaka 6 mwenye hasira za karibu, kazi yake kulalama na kumlilia Judy, msichana anayempenda, yote kwa sauti ya panya aliyebanwa na mlango. Aprili 2009 chaneli yake ikawa ya kwanza YouTube kufikisha wafuatiliaji milioni 1, mwenyewe akiwa na miaka 15. Mimi nimemkuta nimechelewa mno, na nusura nizime. Kilichonishika ni swali moja: huyu kijana anaongeaje hasa?

Basi, 0.5. Mdomo ukawa unafunguka kama wa samaki kwenye ndoo, maneno yakavutika, lakini wembamba upo palepale! Panya yuleyule, safari hii kalewa. Nikashuka 0.25, sauti ikakwaruza kama bati. Nikalaumu spika, nikabadilisha hedifoni, bando linakwenda.

Spika haikuwa na kosa. YouTube inapopunguza kasi hunyoosha sauti bila kuishusha, makusudi kabisa, ili anayekimbiza hotuba asisikie katuni. Sauti ya Fred yenyewe ni mambo ya kaseti: ukikimbiza mkanda, kasi na wembamba hupanda pamoja. Waliokuwa na redio kaseti wanakumbuka betri zikifa taarabu inavyogeuka jitu linalonguruma. Nilichohitaji ni zile betri zilizokufa.

Nikaweka simu ya pili mbele ya spika, nikarekodi sekunde 20 hivi, nikaingiza kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, ambayo ni ya bure. Humo kuna amri mbili zinazofanana kama pacha: moja hubadilisha mwendo peke yake (hiyo ndiyo ugonjwa uleule wa YouTube), nyingine hubadilisha kasi pamoja na wembamba. Chukua ya pili. Kwa klipu yangu, kupunguza asilimia 20 bado panya. Kwenye 30 na kitu akatokea mvulana wa kawaida, anayeongea taratibu na kutamka kila herufi. Asilimia 45, zimwi. Wanaotazamia video kwenye programu ya VLC hawahitaji Audacity: kwenye mipangilio ya sauti ondoa tiki ya kunyoosha sauti, kisha punguza kasi.

Kule kuongea kwake taratibu ndiko ufundi wenyewe. Nikijaribu kwa Kiswahili, niliongea kwa mwendo wangu wa kila siku, nikakimbiza mara 1.5, na sauti ikapanda nusu-toni (hatua ndogo za muziki) 7 hivi. Hakuna aliyeambulia neno. "Mwanangu" ikabaki "mwangu", silabi za katikati zimemezwa. Kwa hiyo ongea kama unamsomea mtoto imla, ukijua sekunde 60 zitabaki 40. Herufi s hupiga mluzi wa kuumiza sikio, kwa hiyo maiki isiwe usawa wa mdomo, iweke pembeni kidogo. Pumzi ndefu zikate kabla ya kukimbiza, maana zikishakimbizwa ni kama kwikwi. Na ukikimbiza sauti, kimbiza na picha kwa kiwango hichohicho. Mimi nilisahau, mdomo wangu ukawa unaendelea kufunguka wakati maneno yameshaisha zamani.