Madawati na Mikaratusi

Siku kampuni ya mbao ilipoleta madawati kijijini kwetu Mufindi, mimi ndiye niliyekuwa naandika muhtasari. Hotuba zilikuwa zilezile: ujirani mwema, maendeleo, makofi. Diwani akapigwa picha amekalia dawati la mtoto, magoti yakigusa kidevu.

Mwenyekiti akauliza kama kuna swali, kwa sauti ya mtu asiyelitaka. Bibi mmoja akainuka pale kwenye nyasi.

"Kamwene, mwanangu. Madawati tumepokea, asanteni. Mikaratusi mliyopanda pale kwenye chemchemi mtaitoa lini?"

Chemchemi ile ndiyo inayolisha vinyungu vyetu, bustani za bondeni tunazolima kiangazi. Mahindi mabichi ya kiangazi ndiyo yaliyokuwa yakinunua sare na madaftari. Tangu miti ile ikue na kunyonya maji, kufika Oktoba tulichota tope. Wala maji yale si yetu peke yetu: huingia Ruaha Mdogo, yakapita Iringa mjini, mpaka bwawa la Mtera.

Bwana wa kampuni alijibu kwamba eneo lina hati. Ofisa wa maji wa Bonde la Rufiji, aliyekuwa kimya muda wote, akamkumbusha Sheria ya Mazingira ya 2004: shughuli za kudumu haziruhusiwi ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Tukashangilia. Yule bwana akasubiri tumalize.

"Na vinyungu vyenu, mama, viko mita ngapi?"

Mwalimu mmoja akadakia kuwa vinyungu ni vya msimu, si vya kudumu.

"Vya msimu tangu enzi za babu zenu?"

Tukacheka, maana alikuwa ametupata. Kwangu mimi, mkutano ulianzia hapo. Tukateremka bondeni na kamba ya kupimia na vigingi vya kuwekea mpaka kuzunguka chemchemi, viatu vya wageni vikizama, tukabishana wee hadi jua likaelekea kuzama. Makubaliano: kampuni ikate mikaratusi yote iliyo ndani ya vigingi na isipande tena, sisi tusilime kuzunguka jicho la chemchemi. Vinyungu vya chini vikaachiwa jumuiya ya watumia maji ipange zamu. Sheria ikifuatwa neno kwa neno ingevifuta navyo, lakini hakuna aliyelitamka hilo, hata ofisa.

Miti ilikatwa kiangazi kilichofuata. Kampuni haikula hasara kubwa; mikaratusi huuzwa nguzo za umeme. Bibi, ambaye kinyungu chake kiliangukia ndani ya vigingi, alihama akinung'unika, akadai matawi yote yawe kuni zake. Akapewa.