Jogoo wa Harambee

Mama alimwomba dereva asimame Mackinnon Road, kimji kilicho kwenye barabara kuu itokayo Mombasa, na dereva hakubisha. Wasafiri wa njia ile hawapendi kulipita kaburi la Sayyid Baghali bila kutia neno, yule fundi wa reli ambaye husimuliwa kwamba karai lake la udongo lilikuwa likielea juu ya kichwa chake. Mama aliingia msikitini kando ya reli, akasoma Fatiha yake, akarudi kupanda lori. Ilikuwa Desemba 1998, mimi nimefunga shule. Mvua za El Niño zilikuwa zimekwisha mapema mwaka ule ila mashimo yake barabarani yalikuwa bado yapo, na kutoka Mariakani hadi Voi tulirushwarushwa pale mbele kwa dereva, mama kakipakata kikapu cha halua na mahamri kama mtoto mchanga.

Tulikuwa tunakwenda harambee Wundanyi, kwenye milima ya Taita. Aliyetualika nilikuwa nikimwita Shangazi, ingawa hatukuwa na undugu wowote naye. Alikuwa akiteremka na mboga usiku na lori, alfajiri yuko soko la Kongowea, Mombasa, na mama alikuwa mmoja wa wateja wake. Shule ya msingi ya kijijini kwake ilikuwa na madarasa yaliyofika kwenye linta yakaishia hapo, na wazazi walitaka kuyaezeka. "Njoo basi uone mchicha wako unakotoka," akamwambia mama. Mama, ambaye hakuwa amepata kwenda bara kupita Mariakani, akakubali hapo hapo. Nadhani alikubali kwa ubishi tu, kwa sababu wanawake wenzake sokoni walicheka.

Ukitoka Voi unafika Mwatate, mkonge kulia na kushoto. Kisha barabara inaanza kujikunja na kupanda, na hapo mama alifumba macho mpaka tulipofika. Aliposhuka alijitanda leso moja juu ya buibui, halafu ya pili juu ya ile ya kwanza. Baridi ya Desemba! Utingo wa lori alikuwa kavaa fulana.

Mimi nilitarajia kijiji kilicholala. Nilikuta stendi imejaa, magunia yanapakiwa, vijana wanabishana juu ya mpira, akina mama wameketi nyuma ya mafungu ya nyanya, na kila mtu anamsimamisha mwenzake kumsalimu, salamu ndefu za Kidawida, lugha ya Wataita, ambazo mimi niliambulia tabasamu tu. Siku hizo Wundanyi ilikuwa makao makuu ya wilaya ya Taita Taveta, kabla serikali ya kaunti haijaketi Mwatate, kwa hiyo makarani na askari nao walikuwemo katika msongamano ule. Juu yetu kulikuwa na mlima Vuria, mita 2,208, kilele chake kimemezwa na ukungu.

Ilinichukua siku nzima kufahamu kwa nini mji mdogo vile una kelele vile. Kwetu Majengo, Mombasa, ukuta mmoja unatenganisha nyumba mbili. Ukitaka habari za jirani huna haja ya kutoka. Kule nyumba zimetawanyika kwenye miteremko, kati ya migomba na matuta ya mboga. Jirani unamwona ng'ambo ya bonde akipalilia, lakini kumpa mkono ni safari ya kushuka na kupanda. Ardhi tambarare ni chache, na kipande hicho kichache ndicho mji. Basi mtu akiteremka kununua chumvi hateremki kwa ajili ya chumvi peke yake. Ana salamu za watu watatu, deni la chama la kulipa, na shauri la posa la kumaliza kabla hajapanda tena.

Usiku tulilala kwa Shangazi, chini ya mablanketi niliyoshindwa kujigeuza ndani yake. Asubuhi tukaenda uwanjani shuleni. Watu walikuwa wakimiminika kutoka Mbale, Werugha na Mgange, wengine kwa miguu. Mbuzi walikuwa wameshachinjwa, na mzee mmoja alimwendea mama moja kwa moja kumwarifu kwamba aliyechinja ni Mwislamu, mwenye duka pale mjini, kwa hiyo ale bila wasiwasi. Mama hakuwa ameuliza. Baadaye alilisimulia jambo hilo Majengo mara nyingi kuliko alivyousimulia mlima.

Mwendeshaji alikuwa mwalimu mstaafu mwenye kofia ya sufi na sauti isiyohitaji kipaza sauti. Alijua kuwachokoza watu. Alisoma michango kwa maeneo: Werugha hawa hapa, Mbale mko wapi, mbona Mgange wamewapita? Watu wakainuka tena na noti nyingine. Bahasha ya Wataita wanaofanya kazi Mombasa, bandarini na reli, ilipofunguliwa, akatangaza kwamba Mombasa pia imeleta mtu, akamwelekezea mama kidole. Kijana mmoja akaweka shilingi ishirini mezani ili Mama Mombasa aimbe. Mwingine akaweka hamsini ili asiimbe. Akina mama wa kikundi cha Shangazi wakachangishana mia. Mama akasimama, akatoa beti mbili za vugo, zile za arusini kwetu, na uwanja mzima ukapiga makofi kufuata mdundo usioujua.

Halafu ukaja mnada. Mkungu wa ndizi, mayai kwenye kikapu, malenge, na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu kwa kamba ya mkonge. Jogoo alianzia shilingi mia. Aliyemnunua alimrudisha mezani auzwe tena, ndivyo ilivyo desturi, na wa pili naye akamrudisha. Mara ya tatu mama akaingia. Alishindana na mwenye lori, mtu aliyekuwa akimtoza nauli ya magunia mwaka mzima, na nafikiri hilo ndilo lililompandisha. Mia tano. Mia saba. Mimi namvuta leso, yeye hanioni. Alimchukua kwa elfu moja na mia mbili, pesa za kodi ya nyumba yetu, nina hakika, na hakumrudisha mezani. "Huyu anashuka pwani," akasema, na watu wakashangilia kana kwamba mabati yamekwisha kupigwa.

Tulikula kimanga, maharagwe yaliyopondwa pamoja na mihogo, na nyama. Pesa zilihesabiwa mbele ya wote, noti moja moja, na aliyetoa shilingi tano jina lake lilisomwa kama aliyetoa elfu. Najua harambee nyingi nchini ziligeuka majukwaa ya wakubwa, hata ikabidi sheria ya maadili ya 2003 iwabane maofisa wa umma. Ile ya Wundanyi sikumwona mkubwa yeyote. Leo tunachangiana kwa simu, ujumbe unaingia, basi. Ni rahisi na pesa hazipotei njiani, silalamiki, ila hakuna anayekulipa hamsini ili usiimbe.

Wiki iliyofuata nilikuwa na mama Kongowea kabla jua halijachomoza, lori likishusha kabichi. Kodi ilikuwa haijalipwa, na mama akaanza kuvuta bei kwa upole ambao si wake, akitaka apunguziwe shilingi mbili kwa kila kabichi. Shangazi akaweka mikono kiunoni, akawaita wenzake wote waliokuwa juu ya magunia.

"Jamani, njooni mumsikie! Mtu ananunua jogoo elfu moja na mia mbili, leo anagombania shilingi mbili!"

Hakupunguziwa hata senti.