Mkono usio na sindano

Leo mama amesafishwa damu tena hapa Kisumu. Mara mbili kwa wiki, saa nne nzima kila mara, huu mwaka wa pili.

Kwenye kundi letu la WhatsApp swali ni moja: "Mgonjwa anaendeleaje?" Nami hujibu, "Vizuri." Basi.

Leo shangazi akapiga simu ya video kutoka Nakuru. Wakacheka na mama. Kisha akasema, "Sasa geuza simu nikuone."

Nikageuza.

"Na wewe, mwanangu, unalala usiku?"

Machozi yalinitoka palepale, kando ya mashine.

Mama akanyoosha ule mkono usio na sindano, akanishika kidole. Hakusema neno. Hakuniachilia hadi muuguzi alipokuja.

Ninyi mnaouguza, nani huwauliza hali? Niambieni hapa.