Nilivyoibana skima ya slaidi hadi ikanifaa

Slaidi zangu za mafunzo naziandika kwa XML, yaani maandishi yaliyofungwa kwa lebo zinazosema kila kipande ni nini, nikitumia DocBook Slides, seti ya lebo za kuandikia slaidi. Kila slaidi ni elementi (kipande chenye lebo) ya foil, zinazokwenda pamoja hukaa ndani ya foilgroup, na ninayopanga kuyasema kwa mdomo huingia kwenye speakernotes. Faili ni moja, nalo hunipa slaidi za kuonyesha na kitini cha kugawa.

Kilichonisumbua ni ukarimu wa skima yake, yaani faili la sheria zinazosema elementi zipi zinaruhusiwa na wapi. Msingi wake ni DocBook, iliyoanza mwaka 1991 kwa ajili ya vitabu vya kiufundi, kwa hiyo karibu kila kinachofaa kitabuni kiliruhusiwa pia kwenye slaidi. Nami kila nilichoruhusiwa nilikitia.

Mara ya kwanza nilifungua faili la skima lenyewe nikafuta nisivyovitaka. Mambo yalikwenda vizuri hadi siku niliposakinisha toleo jipya, kazi yote ikafutika. (Ndiyo, miongozo inaonya. Sikuwa nimeisoma.)

Safari ya pili nikaandika faili langu dogo la RELAX NG, lugha ya kuandikia skima, kwa ile sintaksia yake fupi. Linaanza na include inayoita skima asilia bila kuigusa, kisha ndani ya mabano yake nazima nisichokitaka: db.sidebar = notAllowed, na kisanduku cha pembeni hakipo tena. Kupunguza ni mistari michache tu.

Kuongeza ndiko kulikonitoa jasho. Nilitaka elementi ya zoezi. Nikaandika alama ya = ndani ya mabano ya include, pale palipohitaji |= nje yake, na kihariri kikapaka mistari myekundu slaidi nzima; hata para, elementi ya aya ya kawaida, ikakataliwa. Ya kwanza, ndani ya mabano, hubadilisha fasili yote; ya pili, nje ya mabano, huongeza chaguo juu ya yaliyopo. Kosa dogo, jioni nzima.

Ukaguzi ulipopita nilidhani nimemaliza. Kwenye kivinjari zoezi likatokea kwa maandishi mekundu pamoja na lebo zake, kwa sababu faili za XSLT, zinazogeuza XML kuwa kurasa za kuonyesha, hazikuwa na habari nalo. Skima inajua kipi kinaruhusiwa. Haijui kionekane vipi. Nikaandika kiolezo kimoja cha XSLT, tena katika faili langu, lile asilia likiitwa kwa xsl:import.

Lakini sheria ninayoipenda kuliko zote haimo kwenye RELAX NG, maana kuweka kikomo cha idadi humo ni kurudia kipengele mara kwa mara kwa mkono. Niliiweka kwenye Schematron, lugha nyingine ya kuandikia sheria za ukaguzi wa XML: count(db:listitem) <= 5. Orodha ikizidi nukta tano, napata ujumbe nilioutunga mwenyewe: "Hii ni insha."

Nilipoipitisha kwenye mafunzo yangu ya zamani, slaidi niliyokuwa najivunia kuliko zote ilikutwa na nukta kumi na moja. Nane nimezihamishia kwenye speakernotes.