Kumngoja Bwana si kukaa kimya

Ndugu zangu wa Kisumu hadi Nakuru mnaosubiri haki ya shamba, someni tena Luka 18. Yule mjane hakubaki nyumbani akisema "Mungu anajua". Alimwendea kadhi dhalimu mara kwa mara, na Yesu ndiye anayemtoa kuwa mfano wa kuomba bila kukata tamaa.

Yusufu vilevile. Alikuwa na miaka 17 simulizi lake linapoanza, na 30 aliposimama mbele ya Farao. Akiwa gerezani alimwomba mnyweshaji amtaje kwa Farao, akasahauliwa miaka 2 mizima.

Tatizo ni kwamba wengi wetu huita woga subira. Sheria ya Kenya humpa mwenye ardhi miaka 12 kudai shamba lililovamiwa. Ikipita, anayelikalia anaweza kuiomba mahakama imtambue kuwa mmiliki. Ukishindwa mbele ya hakimu katika kesi ya madai, rufaa ni ndani ya siku 30. Basi funga na kuomba, naam, lakini wiki hiyo hiyo fanya sachi kwenye ofisi ya ardhi, yaani uangalie shamba limeandikishwa kwa jina la nani, na risiti zote na nakala ya hati uziweke pamoja.

Anachoachiwa Mungu ni kisasi, Warumi 12:19. Usikate seng'enge za jirani usiku, using'oe mawe ya mpaka, usiwalaani watoto wake. Uchungu ukizidi, soma Zaburi 13 kwa sauti. Daudi anamuuliza Mungu "hata lini" mara 4, na hakemewi.